Baridi Isiyogandisha: Leza Inavyotuonyesha Atomu Zikishikana

Mtu akisikia kwamba wanafizikia hupoza atomu kwa leza kisha wakatazama zinavyoshikana, kinachomjia kwanza ni samli. Asubuhi ya baridi samli huganda kwenye kopo, jua likipanda hulainika. Basi anaona ameelewa: baridi hugandisha, na atomu nazo zimegandishwa. Mkanganyiko wote huanzia hapo, na sisi tunaoandika habari za sayansi hatujasaidia sana, maana tunalitaja neno “baridi” kana kwamba ni gundi.

Katika majaribio haya baridi haiunganishi kitu. Atomu za sodiamu zilizopozwa hadi zikabakiza chini ya sehemu moja ya elfu ya digrii juu ya sifuri kamili, yaani juu ya nyuzi −273.15 za Selsiasi, zinaendelea kuwa gesi, tena gesi nyembamba mno kuliko hewa tunayovuta. Kila moja inakwenda zake. Kazi ya baridi ni kuzipunguzia mwendo kiasi kwamba zikikutana mbili tunajua, karibu bila shaka yoyote, zimekuja na nishati kiasi gani. Kinachoziunganisha ni mwanga, na kinachotuambia zimeunganika vipi ni rangi ya mwanga huo.

Tuanze na kushikana kwenyewe. Chukua atomu mbili za sodiamu. Zikiwa mbali hazijuani. Zikikaribiana huanza kuvutana. Zikisogeleana kupita kiasi, elektroni za huku hazitaki kupisha za kule, na mvuto hugeuka msukumo. Kati ya hayo mawili pana umbali ambapo hutulia, kama nanomita 0.3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na hapo ndipo huitwa molekuli. Wanafizikia huichora hali hiyo kama kisima: ukingoni zimo atomu mbili huru, chini imo molekuli iliyofungamana barabara.

Kisima hiki hakikuruhusu kukaa popote upendapo. Sheria za kwantumu, zile zinazotawala vitu vidogo kama atomu, zimekichonga vidato, kama vya mnazi, au kama vile fundi wa visima anavyovitoboa ukutani apate pa kukanyaga. Molekuli hukaa kwenye kidato hiki au kile, katikati hapakaliki. Chini vidato vimeachana. Kadiri unavyopanda vinabanana, na karibu na ukingo vimesongamana kabisa.

Vya chini vilijulikana zamani. Ivukishe sodiamu kwenye tanuri, pitisha mwanga ndani ya mvuke, utavisoma kimoja baada ya kingine. Vya juu kabisa ndivyo vilivyobaki gizani, navyo ndivyo vilivyotakiwa zaidi, kwa sababu atomu mbili zinazokutana polepole hutendeana kulingana na kidato cha mwisho kilipo: kama kiko chini kidogo ya ukingo au mbali nao. Nitalirudia jambo hili mbele, maana lina mkasa wake.

Kwa nini vilifichika? Fikiria mizani ya malori barabarani. Ukitaka kujua uzito wa pete ya dereva, huwezi kupima lori akiwa ameivaa, kisha ukapima tena akiwa ameivua. Mizani si mbovu, ila lori ni zito mno, na uzito wake hubadilika kwa tope la magurudumu tu.

Tarakimu ziko hivi. Wapimaji wa mwanga huhesabu nishati kwa masafa, kwa hezi, kama tunavyotaja masafa ya redio. Katika joto la kawaida la chumbani, nishati ya mwendo wa atomu hutawanyika kwa kiasi cha megahezi milioni 6 hivi. Vidato vya karibu na ukingo vimeachana kwa megahezi elfu chache, vingine pungufu ya hapo. Kwa hiyo kila jozi ya atomu huja na nishati yake, na alama zote hupakana hadi zikawa doa moja. Sasa punguza joto hadi mikrokelvini 240, yaani sehemu 240 za milioni moja ya digrii juu ya sifuri kamili. Mtawanyiko huo hushuka hadi megahezi 5. Hata upana wa kimaumbile wa rangi ambayo atomu ya sodiamu humeza, megahezi 10, ni mkubwa kuliko huo. Lori limeondoka, imebaki pete.

Lakini mwanga hupozaje? Watu hushangaa, na wana haki, maana leza wanayoijua wengi hukata chuma. Ila mwanga, mbali na kupasha joto, husukuma. Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inayomezwa na atomu huipiga teke dogo kuelekea kule inakokwenda fotoni. Baadaye atomu huitema fotoni upande wowote, mara huku mara kule, hivyo mateke ya kutema hufutana na yale ya kumeza hujumlika. Kwa sodiamu teke moja hubadilisha mwendo kwa sentimita 3 tu kwa sekunde. Atomu inayotoka kwenye tanuri ina mwendo wa karibu mita 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuisimamisha kunahitaji mateke zaidi ya 30,000. Ni mengi, lakini sodiamu haina uvivu: ikishasisimka, yaani ikishameza fotoni na nishati yake, hukaa hivyo kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 16 hivi, kisha iko tayari kupigwa tena. Ikipigwa mfululizo husimama ndani ya takriban milisekunde moja, katika umbali wa nusu mita. Breki hizo ni kali karibu mara 90,000 kuliko mvutano wa dunia.

Ujanja uko kwenye rangi. Kwa sodiamu ni rangi ya zile taa za njano za barabarani ambazo sasa zinang'olewa kupisha za LED. Honi ya basi linalokujia husikika kali kuliko ya basi linalokuacha, na mwanga hufanya vivyo hivyo. Leza ikiwekwa chini kidogo ya rangi ambayo atomu huipenda, atomu inayoikimbilia huiona imepanda na kuimeza; inayoikimbia huiona imeshuka zaidi na kuipuuza. Hivyo kila atomu hupigwa na ule mwanga inaouendea tu. Theodor Hänsch na Arthur Schawlow walilipendekeza hilo mwaka 1975, na mwaka huohuo David Wineland na Hans Dehmelt wakalipendekeza kwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 William Phillips, katika maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani kule Gaithersburg, Maryland, alikuwa tayari anapunguza mwendo wa atomu za sodiamu ndani ya mrija uliozungushiwa nyaya za sumaku.

Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake wa maabara za utafiti za Bell Labs, Holmdel, Marekani, walielekeza miale sita kwenye nukta moja: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Atomu zilizonasa katikati zilijikokota kama ziko ndani ya molasi, ule uji mweusi wa viwanda vya sukari, na jina hilo la molasi ndilo walilolipa jaribio. Joto lilikuwa hizo mikrokelvini 240. Kwa kipimo hicho atomu ya sodiamu husafiri nusu mita kwa sekunde, na mtoto anayejifunza kutembea huipita. Nadharia ilisema hapo ndipo mwisho. Mwaka 1988 Phillips alipima mikrokelvini 43.

Ni nadra jaribio la fizikia kufanya vizuri kuliko nadharia inavyoruhusu. Kwa kawaida mambo huharibika. Maelezo yalitoka Paris kwa Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine nchini Aljeria, na mwenzake Jean Dalibard, huku Chu naye akifikia maelezo kama hayo upande wake: atomu ina hali za ndani zaidi ya moja, na miale inayokutana huifanya ipande mlima, ikifika kileleni ihamishiwe bondeni, ianze kupanda upya, kila mara ikipoteza mwendo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1997 ilikwenda kwa Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips.

Hapo atomu zimetulia. Zishikane sasa.

Mwaka 1987 wanafizikia Thorsheim, Weiner na Julienne waliandika kwamba atomu baridi zingeweza kuunganishwa na mwanga wenyewe, na kwamba alama zake zingekuwa nyembamba kupita kiasi. Hesabu yake ni nyepesi ukishaiona. Washa leza nyingine, yenye nishati pungufu kidogo ya ile ambayo atomu moja huhitaji ili isisimke. Atomu iliyo peke yake haiwezi kuimeza fotoni hiyo, nishati haitoshi. Jozi inayopitana kwa ukaribu inaweza, kwa sharti kwamba upungufu ulipwe na kushikana kwao. Moja husisimka, zote mbili hudumbukia kwenye kisima, na kidato zinapotua kiko chini ya ukingo kwa kiasi kilekile fotoni ilichopungukiwa. Zungusha rangi ya leza polepole, na kila inapogusa kidato, jozi hushikana. Rangi iliyokosekana ndiyo kina cha kidato. Hapo ndipo baridi inapolipa gharama zake, kwa sababu kosa la kipimo si megahezi milioni 6 tena.

Majaribio yalifaulu mwaka 1993, kwa sodiamu katika kundi la Phillips na kwa rubidiamu katika kundi la Daniel Heinzen, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. La Austin nalipenda zaidi kwa namna lilivyosomwa. Atomu zilishikiliwa kwenye mtego wa mwanga, zikamulikwa na leza ya kuunganisha, kisha zikafanywa zing'ae ili zihesabiwe. Rangi isiyogusa kidato haikubadili kitu. Ikigusa, mng'ao ulipungua. Molekuli iliyozaliwa haidumu: baada ya nanosekunde chache hutema mwanga na mara nyingi atomu zake hutengana kwa kishindo na kuruka nje ya mtego. Kwa hiyo mtafiti hakuziona molekuli. Alihesabu waliokosekana, na mchoro wake ulikuwa mstari wenye mashimo, kila shimo kidato kimoja.

Molekuli hizo zenyewe ni za ajabu. Jozi ya atomu zilizotulia, yaani zisizosisimka, huvutana kwa nguvu inayokufa haraka mno: nishati ya mvuto hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali, hivyo ukizidisha umbali mara mbili inabaki sehemu moja ya 64. Moja ikisisimka, nyingine ikabaki ilivyo, zinarushiana msisimko huo kati yao na mvuto hushuka kwa kipeo cha tatu tu, sehemu moja ya nane. Zinafikiana kwa mbali. Katika sodiamu kuna molekuli ambamo atomu mbili haziji karibu hata siku moja: huanza na kuishia mbali, umbali wa zaidi ya nanomita 3 kati yao, mara kumi ya molekuli ya kawaida. Elektroni zao hazigusani, na bado zimeshikana.

Kwa kuwa hapo hakuna msongamano wa elektroni wa kuvuruga hesabu, vidato vya molekuli hizo hutegemea kitu kimoja tu, nguvu ya atomu moja kurusha mwanga, na nguvu hiyo ndiyo inayopanga muda ambao atomu hudumu imesisimka. Mwaka 1996 watafiti wa Gaithersburg walisoma vidato na kutoa humo ule muda wa nanosekunde 16 na kitu. Tena vipimo vilikuwa makini kiasi cha kuonyesha kwamba mwanga huchukua muda kutoka atomu moja hadi nyingine, ingawa safari ni ya nanomita chache. Umri wa atomu moja ukasomwa kwenye kamba inayoifunga kwa jirani yake.

Turudi kwenye kidato cha mwisho. Ukiongeza leza ya pili, unaweza kuishusha jozi kutoka kisima cha juu, cha jozi iliyosisimka, hadi kile cha atomu zilizotulia, na ukapima vidato vya huko pia. Kwa nini mtu ahangaike? Kwa sababu kidato cha mwisho kikiwa chini kidogo tu ya ukingo, atomu baridi hutendeana kana kwamba zinasukumana. Kidato kikiwa ndiyo kwanza kinataka kutokea lakini hakijatokea, hutendeana kana kwamba zinavutana. Kisima ni kimoja, mvuto ni uleule, ila tabia inageuka kwa tofauti ya unywele.

Rubidiamu ina namna mbili za asili, 85 na 87. Kwa mkemia ni kitu kimoja, tofauti ni nyutroni mbili kwenye kiini. Nyutroni hizo hazigusi umbo la kisima, ila huongeza uzito, na atomu nzito hutikisika tofauti, hivyo vidato husogea. Matokeo yake, atomu za 87 husukumana kwa upole na za 85 huvutana. Mwezi Juni 1995, Eric Cornell na Carl Wieman kule JILA, taasisi ya utafiti iliyoko Boulder, Colorado, walipoza rubidiamu 87 hadi nanokelvini 170 hivi (sehemu 170 za bilioni moja ya digrii juu ya sifuri kamili), na atomu kama 2,000 zikawa wimbi moja la kwantumu, hali ambayo Bose na Einstein waliibashiri miaka sabini nyuma. Rubidiamu 85 ingejiporomokea kwa mvuto wake. Ilibidi ingoje hadi mwaka 2000, ikafugwa kwa uga wa sumaku. Alama ya mvuto huo wa 85 ilikuwa imeshasomwa mwaka 1995 kwenye vipimo vya Austin. Mwaka huohuo kundi la Randall Hulet la Chuo Kikuu cha Rice, Houston, lilisoma kwa njia ya leza mbili kwamba lithiamu 7 nayo huvutana, na ndiyo maana mawimbi yake hayavuki atomu elfu moja na kitu.

Huo ndio mkasa nilioahidi. Mtu hupima kidato kimoja ukingoni mwa kisima, anajua gesi itasimama au itaporomoka.

Uga wa sumaku nilioutaja una hadithi ndefu ambayo nitaipita mbio. Atomu ni visumaku vidogo, kwa hiyo ukizungusha kitufe cha sumaku unaweza kukipandisha kidato hadi kikutane na ukingo, na hapo nguvu kati ya atomu hugeuka utakavyo. Kundi la Wolfgang Ketterle la MIT lilionyesha hilo kwa sodiamu mwaka 1998. Na kwa njia hiyohiyo, mwaka 2006 kule Innsbruck, Austria, kundi la Hanns-Christoph Nägerl na Rudolf Grimm lilipata kwenye sesiamu kile ambacho Vitaly Efimov alikitabiri mwaka 1970: atomu tatu zinashikana pale ambapo mbili haziwezi. Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana hili. Mafiga mawili hayainjiki chungu.

Kilichobaki ni molekuli ya kweli, isiyovunjika baada ya nanosekunde. Kundi la Pierre Pillet kule Orsay, Ufaransa, liliripoti mwaka 1998 kwamba baadhi ya jozi za sesiamu zilizounganishwa na mwanga zilianguka kwenye vidato vya kudumu zikabaki baridi. Mwaka 2008 Deborah Jin na Jun Ye wa JILA walifika chini kabisa ya kisima: walishikanisha potasiamu na rubidiamu kwa sumaku kwenye kidato cha ukingoni, kisha leza mbili zikaiteremsha molekuli hadi kidato cha chini bila kumwaga joto njiani.

Wakashangaa kuona molekuli hizo zinakwisha. Zilikuwa zikifanya kemia. Molekuli mbili za potasiamu-rubidiamu zikikutana hubadilishana wenzi: potasiamu kwa potasiamu, rubidiamu kwa rubidiamu. Kwenye nanokelvini mia chache! Wengi tulifundishwa shuleni kwamba baridi huzima mmenyuko, na kwa mmenyuko unaohitaji kusukumwa ni kweli, huu hauhitaji. Mwaka 2010 walionyesha kwamba hata viini vina sauti. Molekuli zote zikiwa na viini vilivyoelekea hali ileile, sheria ya kwantumu inazizuia kusogeleana. Ukizichanganya za hali mbili tofauti, mmenyuko unakuwa wa haraka mara 10 hadi 100.

Kang-Kuen Ni, aliyekuwa kwenye kundi hilo la 2008, alianzisha maabara yake Harvard. Mwaka 2018 walichukua atomu moja ya sodiamu na moja ya sesiamu, kila moja kwenye kibano chake cha mwanga, wakazikutanisha na kuzifanya molekuli moja. Kibano hicho ni wazo la Arthur Ashkin, jirani wa Chu enzi za Holmdel, aliyepewa Nobel mwaka huohuo. Kisha mwaka 2019 wakarudi kwenye potasiamu-rubidiamu kutafuta kile kilichokuwa hakijawahi kunaswa: hatua ya katikati, pale atomu zote nne zimekumbatiana na wenzi hawajaachana. Katika kemia ya kawaida muda huo hupita kwa sehemu ndogo mno ya nanosekunde. Kwa baridi hii unajivuta, wakaweza kuuona.

Walipotaka kupima unadumu kwa muda gani, kulikuwa na kikwazo. Leza iliyozishikilia molekuli ndani ya mtego ilikuwa pia ikimezwa na lile fungu la atomu nne na kulivuruga kabla halijamaliza kazi yake. Ikabidi mwanga wa mtego uzimwe na kuwashwa kwa vipindi vifupi, na muda ukapimwa molekuli zikiwa gizani: nanosekunde 360 hivi.